Mikono ya Wifi

Siagi ilikuwa imetoboa tena. Judy aliiona ikichungulia pembeni mwa donge la unga, laini na yenye kung'aa, akajua kazi ya mchana kutwa imeharibika. Hata hivyo hakukubali. Alinyunyiza unga juu ya lile tundu, akapitisha kifimbo cha kusukumia kwa hasira, na hapo donge likapasuka kabisa na kugandamana na meza.

“Lirudishe kwa friji kwanza, wifi,” Teresiah alimwambia kwa upole. “Limeshapata joto.”

“Naona limepata joto. Kwani ni nani alikufunza hii kitu?”

 Ni kweli, aliyemfunza Teresiah alikuwa Judy mwenyewe, mke wa kaka yake, na palepale kwenye ile meza. Walikuwa wameiburuta kutoka jikoni hadi chumbani kwa Judy na Harrison, chini ya kiyoyozi, kwa kuwa mwezi wa Agosti jikoni hapakaliki. Hata bomba la maji baridi lilitoa maji ya kuogeshea mtoto. Nyumba yenyewe ilikuwa Silicon Oasis, Dubai, vyumba viwili: kimoja chao, kingine cha Shakira, Mganda aliyefanya kazi ya kupokea wagonjwa kliniki. Teresiah alilala sebuleni nyuma ya pazia, juu ya godoro ambalo kila asubuhi alilikunja na kulificha nyuma ya kochi ili lisimkere mtu.

Judy alikuwa muosha vyombo katika hoteli moja ya Oud Metha. Pale jikoni palikuwa na dirisha dogo la kupitishia trei chafu, na kupitia dirisha hilo alikuwa ameitazama meza ya keki tangu afike Dubai. Alimwona Shefu Stephen, Mhindi wa Goa, mfupi mwenye miwani, akiipiga siagi baridi kwa kifimbo mpaka inakuwa bapa, akiifunika ndani ya unga kama anayefunga barua, akisukuma, akikunja, akipumzisha kwenye friji, akisukuma tena. Likiingia kwenye tanuri, donge lile lilifura likajigawa tabaka nyembamba zisizohesabika. Judy alitamani kusimama upande ule wa dirisha. Kwa hivyo msaidizi wa Shefu aliporudi kwao Manila, na Shefu akatangaza kwamba yeyote wa jikoni anayejua unga wa tabaka amletee alichokitengeneza kwa mkono wake aonje, Judy alihisi kama ameitwa kwa jina.

Alianza kujaribu nyumbani. Teresiah, ambaye alikuwa na viza ya matembezi na hakuwa na la kufanya kila akirudi kutoka kuzungusha karatasi zake za kuomba kazi kwenye ofisi, aliomba kumsaidia. Judy akamwonyesha, kwa furaha kabisa. Hakujua anachokifanya.

Kwa maana mikono ya Teresiah ilikuwa baridi. Tangu utotoni ilikuwa hivyo; shuleni wenziwe walikataa kushikwa naye. Siagi ilitulia mikononi mwake kama imekaa kivulini. Mikono ya Judy, iliyoshinda ndani ya maji ya moto na sabuni kali, ilikuwa myekundu viganjani na moto wakati wote, na siagi ilipoiona ilikimbia.

Jioni ile Harrison aliporudi kazini akiwa bado na sare yake ya ulinzi, alikuta sahani mbili za pai za nyama mezani. Alichukua moja hapa, moja pale. Ya pili ilipovunjika mdomoni mwake, vipande vikamrukia kifuani, akacheka peke yake, akaongeza mbili za sahani hiyo hiyo.

“Aki hii ni noma. Hii ni ya nani?”

 Harrison alimtazama mkewe, akamtazama dada yake, kisha akaelewa na kuonyesha kwa kidole sahani ya kwanza.

“Hata hii iko sawa,” alisema.

Neno *hata* lilimchoma Judy kuliko angeambiwa ni mbovu. Mara Shakira naye, akienda bafuni, akaingia chumbani, akaokota pai kwenye sahani ya Teresiah, akaing'ata huku amesimama mlangoni.

“Banange, Judy! Leo umejua! Hii waweza kuiuza kwa duka kubwa.”

“Asante, Shakira,” Judy alisema.

Teresiah alikuwa akifuta unga mezani. Kitambaa kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.

 

“Viza ya dada yako inaisha lini?” Judy aliuliza walipokuwa wawili chumbani.

“Si unajua. Wiki ijayo.” Harrison alikuwa anavua soksi. “Nimeuliza hadi kwa kampuni yetu, wanataka wanaume tu. Ile ofisi ya kutafutia watu kazi ya Karama imemwambia watampigia, na unajua hiyo inamaanisha nini.” Akavua soksi ya pili. “Nilikuwa nafikiria. Hiyo nafasi ya huko kwenu...”

“Usimalize.”

“Nasema tu, ungemtajia huyo Shefu. Waone nyote wawili.”

“Harrison, hiyo nafasi ni yangu. Nimesimama kwa hiyo sinki mpaka kucha zimetoka. Yeye amekuja juzi, anakula kwangu, analala kwangu, na nikimfunza kushika kifimbo ndio anifungie mlango?”

“Hakuna mtu anakufungia mlango.”

“Wewe mwenyewe umefunga. Umeonja zake tatu, yangu moja.”

Harrison aliokota soksi zake akazikunja, kwa sababu ni kweli alikuwa ameonja tatu.

Kuanzia siku ile Judy alianza kuhesabu mambo yasiyohesabika. Alisikia jinsi Harrison anavyocheka sebuleni akizungumza Kikikuyu na dada yake, na jinsi kicheko kilivyopungua yeye akiingia. Aliona Teresiah ameosha vyombo kabla hajaombwa, akaona ni kujionyesha. Asipoviosha, aliona ni uvivu. Hata shingo yake ndefu ilimuudhi, na namna alivyoinama mezani akisukuma unga polepole, bila papara, kama mtu aliyeko kwake. Judy alijua kwamba wivu huo haukuwa na sababu ya haki. Kujua huko hakukumsaidia lolote, kulimfanya tu amchukie zaidi msichana aliyemfanya ajione mdogo hivyo.

 

Usiku wa kuamkia siku ya kuonjwa, kila mmoja alikuwa ameweka trei yake kwenye friji. Judy alikuwa amesema wazi kwamba anayepeleka ni yeye, ya Teresiah ni ya kula nyumbani. Kulipopambazuka alichoma zote mbili, kwa kuwa tanuri lilikuwa limeshawaka na gesi si ya bure. Alichutama mbele ya kioo akitazama. Zake ziliinuka upande mmoja, zikalala, siagi ikatiririka na kuchemka chini yake. Za Teresiah zilipanda kama zimeitwa.

Nyumba ilikuwa kimya. Nyuma ya pazia Teresiah alikuwa amelala, au hakuwa amelala. Judy alitoa kontena la plastiki, akalitandika karatasi, akapanga ndani yake pai moja baada ya nyingine. Hakuzipanga zake. Alipoketi kwenye basi la wafanyakazi kontena lilikuwa bado la moto mapajani mwake, akajiambia kwamba mafunzo ni yake, siagi ni yake, tanuri ni lake, kwa hiyo na pai ni zake.

Shefu Stephen alikata moja katikati kwa kisu, akaiinua hadi usawa wa miwani. Akaitazama kwa muda. Kisha akaing'ata, akafumba macho.

“Judy. Umetengeneza wewe hii?”

“Ndiyo, Shefu.”

“Kwa mkono? Nyumbani? Na joto hili?”

“Ndiyo, Shefu.”

“Na wewe siku zote uko pale unaosha trei zangu.” Alitikisa kichwa, na sura yake ilikuwa ya mtu anayejilaumu. “Jumapili usiende kwenye sinki. Njoo hapa mezani kwangu, tutengeneze pamoja.”

Wenzake walimpigia makofi. Sowedi, Mganda aliyeosha naye vyombo, alimvua aproni ya mpira kwa mbwembwe na kumfunga taulo safi kiunoni. “Shefu Judy!” alisema. Judy alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kwa muda alisahau kabisa kwamba kulikuwa na mtu mwingine katika habari ile.

Nyumbani Harrison alinunua soda kubwa na kuku wa kuchoma. Teresiah alimkumbatia.

“Hongera, wifi. Haki nimefurahi.”

Mezani zilikuwepo pai alizoziacha Judy asubuhi, zilizolala upande. Teresiah alichukua moja, akaila yote taratibu, akaramba vidole. Judy alimchunguza usoni akitafuta dhihaka, hata chembe. Hakuiona, na hilo lilimkosesha usingizi.

 

Jumapili, meza ya Shefu ilikuwa ya marumaru na chumba kilikuwa baridi, na Judy alifikiri pengine hapo mikono yake itamhurumia. Alipima unga vizuri. Aliipiga siagi vizuri. Lakini Shefu alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, na mwanamke mmoja wa utawala wa hoteli alikuwa amekuja kutazama akiwa na viatu vyake virefu, na Judy akaanza kuharakisha. Alipokunja mara ya pili aliiona siagi. Aliiziba kwa kidole. Ikatoka kwingine. Akaiziba na hapo pia, na mwishowe alikuwa amesimama na donge lililojaa alama za vidole kama ukuta uliochezewa na watoto.

Mwanamke wa utawala alitazama simu yake, akaondoka bila kuaga.

“Khalas,” Shefu Stephen alisema. Hakupaza sauti. “Acha. Judy, niangalie. Zile za kwanza alitengeneza nani?”

Dirishani, upande wa pili, Sowedi alikuwa ameacha kuosha.

“Wifi yangu,” Judy alisema. “Dada ya mume wangu.”

“Yuko wapi? Mlete.”

Hapo alikuwa na nafasi ya kusema. Baadaye alikumbuka vizuri kwamba hakushikwa na hofu wala haraka. Alikuwa na muda wa kutosha kabisa. Akilini alimwona Teresiah amesimama pale kwenye marumaru, shingo yake ile, mikono yake ile, na yeye mwenyewe ng'ambo ya dirisha akipokea trei zake.

“Amerudi Kenya, Shefu. Alienda jana.”

Shefu alivua miwani, akaifuta. “Bahati mbaya,” alisema, akamwelekeza sinki kwa kidevu.

Sowedi alikuwa amemshikia aproni ya mpira. Alimfunga bila neno, na kwa siku nzima ile hakumwita Shefu Judy wala jina lolote.

Nyumbani alisema Shefu hajaamua. Harrison akasema basi ni kuomba Mungu. Halafu akamkatia dada yake tiketi.

 

Siku moja kabla ya safari, Judy alirudi kutoka zamu ya asubuhi akamkuta Teresiah chumbani mwao, mezani chini ya kiyoyozi, unga umemfika viwikoni. Begi lake lilikuwa limeshafungwa, limesimama karibu na mlango. Mezani kulikuwa na vifurushi vya donge vilivyofungwa kwa plastiki, bapa kama vitabu.

“Hizi ni za nini?”

“Zako, wifi. Nazitia kwa friza.” Teresiah hakuinua macho. “Shefu akikuita tena, toa moja asubuhi, iwache kidogo, ukate, uchome. Hawatajua.”

Judy aliketi kitandani. “Hawatajua nini?”

“Wifi, na wewe. Zile zilizobaki mezani siku ile hazikuwa zangu. Mimi najua mkunjo wangu.”

“Ukanyamaza?”

“Ningesema nini, na nalala kwako?” Alikunja donge, akaligeuza. “Nilikasirika siku ya kwanza. Nikaona wacha. Mimi naenda. Wewe ukipanda cheo ni Harrison anapata nafuu, na nyumbani pia watapata. Si ni nyumba moja?”

Judy alikaza macho sakafuni. Mtu angedhani ni aibu, na aibu ilikuwamo. Lakini hata pale, hata pale ambapo angepaswa kupiga magoti, kilichokuwa kikubwa zaidi kilikuwa wivu. Msichana huyu alikuwa amemzidi kwa mikono, na sasa alikuwa anamzidi kwa moyo, tena bila kutoka jasho.

“Nani alikuomba?” alisema. “Nani alikuomba uniwekee vitu kwa friza? Shefu haniiti tena! Nilijaribu mbele yake nikashindwa. Akauliza ni nani alitengeneza zile za kwanza, nikamwambia ni wewe. Akasema nikulete. Nikamwambia ulishaenda Kenya.”

Kifimbo kilisimama.

“Ulimwambia nimeenda?”

“Ndiyo.”

“Lini?”

“Jumapili.”

Teresiah aliangalia mikono yake kama imechafuka ghafla. Aliposema, sauti yake haikuwa tena ile ya mgeni.

“Jumapili nilitembea kutoka ofisi moja hadi nyingine mpaka soli ikang'oka. Mji mzima umenifungia. Mlango mmoja ukafunguka, mmoja tu, na ni wewe uliyeenda kuusukuma ukafungwa? Mimi nimekukosea nini, Judy?”

Ilikuwa mara ya kwanza Teresiah kumwita kwa jina.

“Hujanikosea.”

“Basi kwa nini?”

“Kwa sababu ungeweza,” Judy alisema. “Na mimi siwezi.”

Teresiah alichukua kifurushi kimoja, akakitupa kwenye pipa la taka. Akachukua cha pili. Alivitupa vyote, hata donge lililokuwa bado mezani, kisha akaingia bafuni na kufungulia maji ili asisikike akilia. Harrison aliporudi, alikuta mkewe bado ameketi pale pale, na pipa limejaa siagi. Judy alimweleza kila kitu, tangu lile kontena. Harrison alisikiliza akiwa amesimama na kofia mkononi. Hakugomba. Alichukua mto wake akaenda kulala sebuleni, kwenye kochi, karibu na pazia la dada yake.

 

Ndege ilikuwa ya jioni. Asubuhi Judy alisimama mbele ya pazia akiwa amevaa tayari.

“Vaa twende,” alisema.

“Wapi?”

“Unajua ni wapi.”

“Siendi. Ukaniaibishe tena?”

“Leo si wewe utaaibika.”

Harrison aliinuka kwenye kochi. “Teresiah,” alisema, “nenda.” Akaita teksi yeye mwenyewe, akawafungulia mlango wa nyuma, hakumtazama mkewe.

Walifika Oud Metha wakati wafanyakazi wa zamu wanaingia. Mlinzi wa mlango wa nyuma alikataa kumpitisha mgeni, ikabidi Shefu Stephen aitwe. Alikuja na mikono ya unga, na nyuma yake wakaja watu wawili watatu kuona kuna nini, Sowedi akiwa mmojawao.

“Shefu, huyu ndiye wifi yangu,” Judy alisema.

Shefu alimtazama Teresiah, kisha begi dogo begani mwake. “Ulisema amerudi Kenya.”

“Nilidanganya.”

“Kwa nini?”

Judy alitaka kusema alikuwa amechanganyikiwa, kwamba hakusikia vizuri swali. Watu walikuwa wanangoja. “Nilimwonea wivu,” alisema, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia.

Mtu mmoja aliguna kicheko, kikakatika. Shefu Stephen alimtazama Judy kwa muda mrefu. Hakumsamehe, wala hakumkaripia; alionekana tu kuchoka. “Kwenye sinki,” alimwambia. Na kwa Teresiah: “Wewe, nawa mikono.”

Judy aliosha masufuria ya chai ya asubuhi mgongo ukiwa dirishani. Hakugeuka. Alisikia kifimbo kikigonga siagi, mlango wa friji ukifunguka na kufungwa, mazungumzo ya chini, kimya kirefu, kifimbo tena. Baada ya muda harufu ilikuja. Kisha akasikia viatu virefu vya mwanamke wa utawala vikiingia na kutulia hapo, na sauti ikimuuliza Teresiah kama pasipoti anayo hapo hapo.

“Ninayo, madam,” Teresiah alisema. “Iko kwa begi.”

Sowedi alimgusa Judy kwenye kiwiko. “Umesikia?”

“Nimesikia,” alisema Judy, na kuzamisha mikono.

 

Tiketi ilifutwa. Kulikuwa na foleni, picha, vipimo, kutoka nchini na kuingia tena, na Harrison alizunguka na dada yake kila mahali. Chumbani alirudi kulala baada ya muda, lakini maneno aliyapima. Teresiah alipopata kitanda kwenye nyumba ya wafanyakazi wa hoteli, alikunja godoro lake kwa mara ya mwisho, akashukuru wote, Shakira akimkumbatia kwa kelele na Judy akimshika mkono.

Kazini walikutana kila siku. Haikuwezekana kukwepana: trei zote za meza ya keki zilipitia dirisha lile. Kwa majuma Teresiah aliziacha ukingoni na kuondoka. Halafu alasiri moja, wageni wa chakula cha mchana walipokwisha, alikuja na rundo lote mikononi akasimama. Alikuwa na koti jeupe, jina lake limeshonwa kifuani kwa uzi wa buluu.

“Leo wacha nizioshe mwenyewe,” alisema. “Mmechoka.”

“Hiyo si kazi yako.”

“Wifi.” Alikuwa hajamwita hivyo tangu ile siku ya vifurushi. “Umenikasirikia?”

Judy alifunga bomba. Alilitazama lile koti, jinsi lilivyomkaa, na uzi ule wa buluu.

“Sijakukasirikia,” alisema. “Nakuonea wivu.”

“Bado?”

“Bado.”

Teresiah alifikiri kidogo. “Utaisha?”

“Sijui,” Judy alisema, akanyoosha mikono yote miwili dirishani. “Lete hizo trei, maji yanapoa.”